Uzi Haushiki

Tulizaliwa Gungu, usiku mmoja, mkeka mmoja.
Bukuru alitangulia, mimi Butoyi nikafuata,
na mama, asije akamnyonyesha mmoja mara mbili,
akamfunga Bukuru kitambaa chekundu mguuni.
Hiyo ndiyo ilikuwa tofauti yetu.
Siku hizi hakuna anayehitaji kitambaa.

Kikopo kilivuka ziwa kutoka Uvira
kimelala kati ya vitenge. Hakikuwa na jina la kiwanda,
ila picha ya mwanamke anacheka,
uso hauna hata kovu la mbu.
Pale Mwanga sokoni Mama Zawena akakifungua,
akakamulia tyubu ya dawa ya upele,
akanyunyiza unga ambao hakuutaja,
akakoroga kwa kijiti cha mshikaki.
"Siku saba, mdogo wangu. Saba tu."

Na kweli, zilikuwa saba.
Nisiwe mnafiki: alipendeza.
Nikikanyaga cherehani niliutazama mkono wangu
juu ya satini nyeupe ya bibi harusi wa watu,
nikajiona kama sufuria iliyosahauliwa mekoni.
Usiku mmoja nilikifungua kile kikopo.
Kilinuka kama sarafu iliyokaa mdomoni.
Nikakifunga. Mpaka leo sijui
ilikuwa busara au niliogopa bei.

Kisha jua likamkataa.
Jua la Kigoma, utalikimbilia wapi?
Agosti kavu anatembea na mwavuli,
mvuke wa ugali unamchoma kama maji ya moto.
Vifundo vya vidole vikagoma kubadilika,
vyeusi, vikaidi,
mashahidi waliokataa hongo.
Watoto wa Buzebazeba wakamzomea:
juu soda ya chungwa, chini soda nyeusi!
Akacheka nao hadi kona.
Nyumbani akalia, na machozi yenyewe yakamwasha.

Mimba ilipotimia, Maweni wakasema apasuliwe.
Nesi akatoka, kofia ya kijani imeloa jasho,
akaita ndugu wa Bukuru. Nikasimama.
Akanitazama, akatazama faili, akanitazama tena.
"Pacha?"
"Pacha."
"Mtoto mzima, wa kike. Ila dada, anapaka nini huyu?
Tunashona, inachanika. Uzi haushiki."

Mimi ni fundi. Neno hilo nalijua.
Ipo hariri ya mtumba iliyochomwa na jua,
inang'aa, unaisifia mbele ya mteja,
ukipitisha sindano inaachama.
Huwa nasema: mama, hapa sina pa kushika.
Sikuwahi kudhani nitaambiwa mimi.

Daktari akataja zebaki, akataja haidrokwinoni,
akataja figo, akataja na maziwa ya mama.
Niliandika yote nyuma ya karatasi ya vipimo:
kifua thelathini na sita, kiuno thelathini, zebaki.
Nikaipeleka sokoni.
Mama Zawena akaisoma polepole, akanirudishia.
"Mimi simlazimishi mtu," akasema,
na akaendelea kukoroga.
Hapo ndipo nilipoona: amevaa glavu.

Wageni wakaja na sabuni na sukari.
Kabla ya kusalimia wakachungulia masikio ya mtoto
wajue rangi itakayokuja.
"Mmh, huyu atakuwa mweusi," mmoja akasema,
kwa sauti ya kutoa pole.
Bukuru, tumbo limejaa shashi, hawezi kuketi,
akanyoosha mkono, akafunika sikio la mwanawe.
"Butoyi, lete mafuta ya mise. Yale ya mama."
Nikaleta. Chumba kikanuka utoto wetu.
Akampaka miguu kwanza, kidole kimoja kimoja,
kwa vile vifundo vyake vyeusi.

Mimi nilikuwa nakuja kila asubuhi,
nashika taa, nesi anabadilisha shashi,
namwangalia dada yangu kwa ndani.
Hakuna aliyemgusa tena kwa sindano.
Kidonda kilifunga mwezi wa tatu,
chenyewe, kutoka chini kuja juu,
bila uzi.