Safu ya Vyura

Asubuhi nilipiga mbizi, vyuma vizito kiunoni.
Maji ya Titikaka yakanitia ganzi hadi menoni.
Nikahesabu vyura: saba.
Mwaka jana, ghuba hii hii, arobaini na mmoja.
Wa saba alielea chali, tumbo jeupe
kama kiganja cha mtu anayeomba.

Ngozi yake pana kuliko yeye,
imening'inia mikunjo mikunjo, koti la kurithi.
Hiyo ndiyo pafu lake. Huvuta ziwa zima kwa ngozi,
na siku hizi ziwa linashukiwa na mifereji ya El Alto:
sabuni, grisi, damu ya machinjioni,
naye hana mlango wa kufunga.

Jioni Delfina karudi na barua ya mwalimu.
Namlaza kichwa pajani, nachukua chanuo la meno membamba.

Chawa.

Wako kisogoni, wako nyuma ya masikio,
wanene, wenye afya, wenye nyumba.
Nimewapaka siki, nimewapaka mafuta ya taa;
mama yangu aliwapaka, na mama yake.
Hakuna aliyewaandika katika kitabu chekundu,
hakuna mgeni aliyekuja na kamera ya majini
kuwalilia.

Kidole kimoja hakivunji chawa:
zatakiwa kucha mbili, na ule mlio.
Chura, kidole kimoja kinamtosha,
kidole kilichonyunyizia viazi dawa,
kikanawa ziwani.

"Mama, kwa nini chura asihamie kichwani kwangu?"
Nacheka. Kisha sicheki.
Kwani siri ya chawa ni hii tu:
huku juu baridi ni kali,
tunalala kichwa kwa kichwa, blanketi moja,
na hatujaacha kukumbatiana.
Chawa alitegemea upendo wetu, akaneemeka.
Aliyetegemea usafi wetu
yuko kule chini, kwenye tope,
anapiga pushapu apate pumzi.

Usiku nafungua daftari la kazi,
vidole bado vinanuka siki.
Tarehe. Kina. Joto la maji.
Na katika safu ya vyura, kwa mwandiko wangu mwenyewe,
nimeandika sitini na tatu.

Delfina anajikuna usingizini.
Naitazama namba ile.
Kalamu ninayo.
Sijaikata bado.