Maisha ya Askofu Osgari, Bila Ukurasa wa Mwisho

Kilitolewa kabatini, sakristia ya Muheza,
kimefungwa kwa kamba ya mkonge.
Padre Semkiwa akasema: Kiingereza unakijua,
tutafsirie huyu mtu kabla ya Kipaimara.

Jina lake Osgari. Mwana wa fundi viatu,
askofu wa mji wenye mto na ukungu,
miaka mia nane iliyopita, au zaidi.

Ukurasa wa pili nikakwama.
*Alitembea peku juu ya barafu.*
Barafu hapa inauzwa kwenye vifuko,
shilingi mia, ya ukwaju, ya ubuyu.
Watoto watamwona askofu mzima
anakanyaga ubuyu ulioganda. Watakufa kwa kicheko.
Nikaandika: ardhi ilikuwa imegeuka kigae.

Mfalme akadai nusu ya sufu ya nchi.
Osgari akakataa, akafungiwa mnarani.
Nami usingizini nikachapa *sufi*:
herufi moja, na kondoo wote wa Uingereza
wakapanda juu ya mti, wakapasuka, wakapeperuka.
Sikufuta. Msufi upo nyuma ya shule, wanaujua.

Kisha ile habari ya pete.
Pete ilipotea, akaamuru kijana wa jikoni achapwe.
Ikaonekana ndani ya glavu yake mwenyewe.
Mwaka mzima askofu akaosha masufuria,
mikono imepasuka kwa majivu.
Mama alikuwa anamenya chungwa, ganda refu halikatiki.
Akauliza: Na mgongo?
Mgongo gani?
Wa kijana. Nani aliuosha?
Nikapekua. Kitabu hakisemi.
Basi aliyeandika, mama akasema, hajawahi kuchapwa.

Padre akapiga mstari mwekundu: Hilo liruke, ni watoto.
Sikuliruka. Watoto wa Muheza
fimbo hawafundishwi na kitabu.

*Novemba akaugua. Akaomba alazwe sakafuni,
juu ya majivu, kisha akamwita*

hapo mchwa wamepita.
Wamechimba njia nyembamba ya udongo
kutoka kwenye sakafu ile mpaka jaladani.
Nikaweka kistari, nikapeleka.

Siku yenyewe akasoma Hiza, miaka kumi na miwili,
viatu vya kuazima, sauti ya kwenda sokoni.
Alipofika kwenye kistari hakusimama:
*kisha akamwita yule kijana wa jikoni,
akamwambia, geuka, nione.*

Kanisa likajibu Amina.
Niliitazama karatasi mkononi mwake.
Ilikuwa imeishia palepale nilipoishia.