Kiziwi wa Pua

Kwetu harufu husikiwa.
Ndivyo nilivyozaliwa nikisema, wala sikujiuliza
kwa nini pua ipewe kazi ya sikio,
mpaka daktari wa Kerala, zahanati ya Mabela,
aliponifumba macho kwa karatasi ya shashi
akanipitishia vichupa puani, kimoja kimoja.
Kahawa. Ndimu. Karafuu.
Nikasema: sisikii.
Rayya, mkwe wangu, akamtafsiria neno kwa neno,
na daktari, maskini, akapaza sauti.

Homa yenyewe ilikuwa ya siku tano, mwezi wa Shaabani.
Ilipotoka sikujua imebeba nini.
Kwanza nililaumu maziwa.
Kisha nikamlaumu mwenye duka: hiliki yake vumbi tupu.
Siku ya tatu wali uliungua
nami nimekaa papo hapo, nachambua dengu,
mpaka jirani, Bi Shinuna, akagonga dirisha kwa funguo.

Mimi, Thuwaiba binti Khalfan!
Nusu ya maharusi wa Sib wameingia ndani na udi wangu nguoni.
Mimi niliyekuwa nikisimama mlangoni tu, Matrah,
nikamwambia muuzaji: sandali yako hii
imelala mwaka mzima na sabuni.

Chakula sasa ni hesabu: chumvi, sukari, uchungu, ukali.
Pilau naitia bizari ileile, mkono haujasahau,
lakini mdomoni ni pamba iliyochemshwa.
Halwa ni tamu, basi. Tamu ya nani, hainiambii.
Mtoto wa Rayya nimempakata,
nimebandika pua utosini:
joto.

Watu huniuliza, si afadhali hiyo kuliko macho?
Nasema alhamdulillahi, na nashukuru kweli.
Kisha naingia kuoga mara ya tatu.
Kati ya kunuka na kunukia kuna herufi moja tu
na hiyo ndiyo niliyoipoteza.
Namwita mjukuu, Ghaniya, ana miaka minane:
njoo, niambie.
Ananinusa shingoni kama mkaguzi wa forodha.
"Bibi, unanuka bibi."
Ndiyo, lakini vipi?
Anafikiri, kidole mdomoni.
"Kama kabati likifunguliwa."
Nimelala na jibu hilo siku nyingi, silijui ni jema au baya.

Halafu Ijumaa.
Miaka thelathini na minne Harith huinama mbele yangu kabla ya adhana,
nami nachovya kishada cha kanzu yake kwenye uturi.
Baada ya homa niliendelea.
Nachovya, navuta pumzi: upepo.
Nachovya tena.
Hakusema kitu.
Ghaniya ndiye aliyetoboa, tena kwa kucheka:
babu hupiga chafya garini toka nyumbani hadi msikitini,
safu humwachia nafasi pande zote mbili,
na mzee Mahfudh alimuuliza, hivi umeangukia chupa?
Miezi minne.
Miezi minne mtu yule anainama, anainuka,
anatoka mlangoni kama duka zima la manukato,
asikunje hata pua.

Sikumwambia kwamba najua.
Ijumaa iliyofuata akaja, akaweka kofia yake mezani, akainama.
Nywele za kisogoni zimepungua; lini?
Mara hii sikuchovya. Nilidondosha.
Nikatega sikio, mpumbavu mimi,
kama kwamba tone la mafuta likitua kwenye uzi
litasema limetosha.
La kwanza.
La pili.
Nikafunga chupa.
Harith akabaki ameinama vilevile,
anasubiri mengine.