Kabla ya Jiwe

Fundi Eladio hakukaa, wala kahawa hakuigusa.
Alitandaza futikamba juu ya makabati yasiyo na kichwa,
akaniuliza, "Sinki liko wapi?"
Nikasema, tutanunua.
"Na bomba?"
Nikasema, tutaona.
Akaiachia futikamba, ikarudi ndani kwa mlio.
"Basi, mama, nami nitakuja mkishaona.
Jiwe halishonwi. Si gauni hili,
kwamba ukinenepa tutafumua."

Jumamosi, katika mvua ya Galisia,
mvua ile isiyo na haraka wala aibu,
tukashuka dukani, mimi na Anxo,
yeye akitaka mabeseni mawili,
moja la kuoshea, moja la kusuuzia,
kama alivyoona kwa dada yake kule Vigo.
Mimi nimebeba sufuria ya pweza,
ile ya shaba, ya mamake, Obdulia,
pana kuliko mabega yangu.
Watu wakageuka. Nikaitumbukiza
sinki hili, sinki lile:
la kwanza ikakwama masikio,
la pili ikasimama upande kama mgeni mlangoni,
la tatu, la beseni moja, la chuma cha pua, lenye kina,
ikazama yote, na mkono wangu, na kiwiko.
Muuzaji akacheka. Anxo hakucheka.
Alinuna mpaka tulipofika kwenye gari,
ndipo akasema, "Na vikombe je?"
Nikamjibu: vikombe vina adabu, vitangoja zamu.

Bomba ndilo lililotunyima usingizi.
Nililipenda lenye shingo ya bata maji,
linaloinama kana kwamba linakusikiliza.
Usiku nikakata kadibodi kwa umbo lake,
nikaisimamisha kwa gundi mahali pake,
nikafungua dirisha
(na dirisha letu, kama yote ya mtaa huu,
hufunguka kwa ndani)
likaipiga ile shingo, pwaa!
Bata akaangukia kwenye viazi.

Kumbe Obdulia alikuwa macho, mlangoni, ananitazama.
Tangu kiharusi cha mwaka juzi
mkono wake wa kulia hulala pajani kama paka,
na maneno yake huja mojamoja,
kama wateja wa Jumatatu.
Akajikongoja hadi penye tundu
ambalo bado halijawa tundu,
akainua kiwiko cha kushoto,
akasukuma hewa.
Tena akasukuma.
"Hapa," alisema.

Tulikuwa tumepima dirisha, ukuta, sufuria.
Futikamba ilikuwa haijafika kwenye kiwiko hicho.

Eladio aliporudi alikuta kila kitu sakafuni:
sinki ndani ya boksi lake,
bomba fupi, si zuri sana,
mpini wake mrefu upande wa moyo.
Akachomoa penseli nyuma ya sikio.
"Tundu moja au mawili?
Wengine hutaka na la sabuni."
Tukatazamana. Maji yakimwagika hayazoleki,
na jiwe likitobolewa, hata uliimbie.
"Moja," akasema Anxo, kabla yangu.
Milimita thelathini na tano.

Lililetwa na wanaume wanne,
wamelisimamisha wima, pole pole,
kama mgonjwa anayekataa machela.
La kijivu, lenye madoa ya waridi,
na baridi ya kilima lilikotoka.
Walipomaliza, Eladio akanitolea kitu mfukoni:
kiini, kile kipande cha tunduni,
mviringo, kinene kama jibini changa.

Obdulia hukitumia kupondea vitunguu saumu.
Husukuma maji kwa kiwiko, hukiosha,
hukiweka kando ya bomba,
shubiri moja tu kutoka kilipokatwa.
Anxo, akisuuza vikombe vyake,
hukigonga kila asubuhi,
na kila asubuhi hunigeukia mimi
kana kwamba ndiye niliyeuchimba mlima.