Makabidhiano ya Saa Moja Asubuhi

Kwa Kiingereza nimeshasema: sentensi nne, saa, sahihi.
Sasa kaa, Mbeyu, koti lako linachuruzika mvua yote ya Hull,
nikukabidhi kwa lugha yetu yale yasiyo na kisanduku kwenye fomu.

Kitanda cha sita. Garth Ellerby. Fundi wa karavani,
miaka thelathini na moja akipachika madirisha
kwenye vijumba vya kukokotwa vya likizo za watu wengine.
Jana saa nne usiku nilimnyima lithiamu yake.
Utaona duara tupu kwenye chati. Sikusahau.

Ilianza na chai.
Unaujua mkono wake: hutetemeka kidogo siku zote,
kama kifuniko cha sufuria maji yakikaribia kuchemka,
nasi tumeuzoea, tunamjazia kikombe nusu.
Jana nusu ile ilimwagika yote.
Akasema, samahani, sista,
na samahani ikatoka ikiburuta miguu, imevaa ndala.

Nikamwambia, twende hadi dirishani.
Akatembea kama aliyemo ndani ya karavani inayokokotwa.
Nikauliza tumbo. Akaona haya. Mara tano tangu adhuhuri.
Nikauliza maji. Hana hamu.
Nikauliza goti, kwa kuwa alikuwa amelishika,
akafungua droo: chini ya peremende za dada yake
vidonge vya maumivu, vya dukani, vimebaki viwili.
Vile vile ambavyo watu hununua pamoja na maziwa na gazeti.
Nani angemwambia yule mama kwamba figo za kaka yake
zina mlango mwembamba,
na kidonge cha goti huuegemea usifunguke?

Dawa hii ni chumvi, Mbeyu. Tunasahau.
Ikipungua haifai, ikizidi ni sumu,
na kati ya hayo mawili hapapiti ukucha.
Mama alionja mchuzi kwenye kiganja akajua.
Sisi tunaonja kwa sindano, na tunangoja maabara.

Daktari wa zamu alikuwa na sauti ya mto wa kulalia.
Mpe tu, akasema, kesho tutapima.
Nikanyamaza. Nikasikia friji ya dawa ikiguruma.
Nikasema, Daktari, simpi,
na naandika kwamba nimekupigia.
Akaja. Shati nje nje, lakini akaja.
Damu saa tano na dakika kumi. Majibu saa saba kasorobo:
moja nukta tisa.
Hakunitazama aliposoma. Akaita ambulensi.

Tulipokuwa tukiingoja, Garth alinishika kidole kimoja.
Akasema, msinirudishie.
Mwaka ule nilioacha dawa, sista, nilimpigia mbunge
kutoka kila kibanda cha simu mjini, vile vya rangi ya malai,
nikimweleza daraja la kioo, kutoka hapa hadi Denmaki.
Nililiona. Lilikuwa na taa.
Nikamuuliza, ilikuwa furaha?
Akafikiri muda mrefu, ulimi ukitafuta njia.
Ilikuwa mwanga, akasema.
Halafu mke wangu akauza nyumba.

Sikuwa na jibu. Nilimfunika miguu.

Basi kitanda ni kitupu, lakini usiruhusu wakigawe:
atarudi, na siku ya kurudi atakataa,
na usimjibu haraka kama mwenye haki.
Dada yake anakuja saa nane.
Mweleze habari ya vidonge, ila taratibu,
alivileta kwa kupenda.
Peremende nimeziacha.

Kitanda cha tatu, chati ya maji haijajazwa, niwie radhi.
Kikombe cha Garth nimekiosha, kipo dirishani.
Nipe koti langu hapo.
Hii mikono usiiangalie hivyo;
ni kahawa tu.