Ukurasa wa Mia Mbili Kumi na Nne

Gari la manispaa nilikabidhiwa mwezi wa Oktoba,
na Jarkko wa dukani, mwenye tai fupi,
akapigapiga boneti kama anayesifu ng'ombe mnadani:
Raili, hili lina macho kuliko mimi na wewe.
Huku Ufini hatuchekichekei wauzaji,
lakini siku ile nilicheka.

Wiki ya kwanza lililia kwa kila kitu.
Lililia kwa sanduku la barua la Veikko mgane,
kwa kivuli cha nguzo,
kwa mfuko wa plastiki uliopita ukijiona ndege.
Ti-ti-ti! Taa nyekundu kiooni. Nikakanyaga breki
mbele ya hewa tupu,
na chupa za insulini zikagongana begini
kama meno ya mtu mwenye baridi.

Wiki ya pili nikalizoea.
Ya tatu sikulisikia tena.
Ama lilikuwa limejifunza adabu, ama mimi uziwi.

Ikafika Desemba, mwezi ambao jua halichomozi:
saa sita mchana anga hupata rangi ya wino uliotiwa maji,
kisha hujifunga.
Kemijärvi hadi Salla, kilomita sitini za misonobari,
theluji mbichi, digrii sita chini ya sifuri.
Nakwenda kumbadilishia Hilja bendeji ya mguu.
Gari kimya. Kimya cha mtu anayejua kazi yake,
hata nikainama kutafuta mfukoni
pipi nyeusi ya chumvi.
Sekunde mbili. Labda tatu.
Nasema labda kwa sababu hakuna aliyekuwa akihesabu.

Nilipoinua uso walikuwa pale,
kulungu wa theluji, saba,
katikati ya barabara wakilamba chumvi ya lami
bila haraka, kama makarani saa ya chai.

Gari halikusema kitu.
Aliyesema ni mguu wangu, wa miaka hamsini na minane.
Tukateleza, mkia ukataka kutangulia kichwa,
tukakoma, mimi na yule wa mwisho,
kati yetu upana wa kiganja.
Pumzi yake ikatia ukungu taa yangu.
Akanitazama. Akarudi kwenye chumvi yake.

Nikashuka, magoti maji.
Pale kwenye nembo, palipo jicho la rada,
barafu nene kama ganda la mkate mweusi.
Nikaibandua kwa kucha.
Lilikuwa kipofu tangu Kemijärvi,
na nisiseme halikuniambia:
kitaa cha njano, punje ya mtama,
kiliwaka karibu na geji ya mafuta tangu asubuhi.
Nilikidhani pambo.

Kwa Hilja, kabla ya bendeji, nikafungua kitabu.
Ukurasa wa mia mbili kumi na nne, herufi za kupimia macho:
huenda usitambue wanyama,
huenda usitambue kitu kilichosimama,
huenda usifanye kazi penye theluji, ukungu,
kona kali, jua la mbele, giza.
Hilja akauliza: Sasa linafanya kazi wapi?
Nikamjibu: Dukani.

Silichukii. Wiki iliyofuata, narudi zamu ya usiku,
kope nzito kama risasi,
liliniita hatua chache kabla ya mtaro.
Nililishukuru kwa sauti, peke yangu, kama mwehu.

Mwenye macho haambiwi tazama.
Mimi niliambiwa, nikaambiwa, nikaambiwa,
hadi nikasahau kuwa ninayo.

Siku hizi, kabla ya kuwasha,
nalipangusa jicho kwa kitambaa
kile kile ninachofutia miwani.
Na njiani linaponyamaza naliuliza:
umeona kwamba hakuna kitu,
au hujaona kitu?

Halijibu.
Napunguza mwendo.