Viatu vya Maiti

Kazi yangu ni kunong'ona.
Nakaa kisandukuni, chini ya ukingo wa jukwaa,
nimefunikwa kama kifaranga chini ya tenga,
mshumaa, miwani, na maneno ya wengine mapajani.
Mwaka wa ishirini na tatu huu, hapa Kutaisi,
na nyuso za waigizaji siwezi kuziapia:
mimi nawajua kwa miguu.

Tamazi alikuwa na kishindo cha kisigino cha kushoto.
Misimu tisa alikufa mbele yangu,
Alhamisi na Jumamosi,
akalazwa jenezani, nyayo zikinielekea,
na Makvala, mkewe wa jukwaani na wa nyumbani,
akamlilia mpaka wanawake wa safu ya tatu
wakapapasa leso.
Pazia likishuka, maiti alikuwa wa kwanza kudai supu.

Februari umeme ulikatika siku kumi na moja.
Tamazi akapanda ngazi na ndoo ya maji.
Kwao ghorofa ya tano. Ya nne hakuivuka.
Tulimzika katika udongo uliogomea sururu,
na Makvala hakulia.
Watu wakalitia hilo mdomoni, wakalitafuna wiki nzima:
machozi kayamaliza kazini, yule.

Alhamisi alikuja. Nani angemwambia asije?
Watazamaji walikwisha kulipa kwa kuni,
gogo moja kila kiti.
Jenezani wakamlaza kijana Badri,
na kwa kuwa stoo ina jozi moja tu ya viatu vyeusi,
akavishwa vile vile:
soli yenye kiraka cha tairi,
kisigino cha kushoto kimelika upande.

Mimi niliviona kabla yake.
Nilitamani kuvifunika kwa karatasi zangu.

Akaufikia mstari wake, "Umeniachia nani, bwana?"
Hakuusema.
Nikanong'ona. Kimya.
Nikanong'ona tena, ulimi umekauka kama gome.
Ndipo akapiga magoti, jambo lisilomo kitabuni,
akaishika kamba ya kiatu iliyolegea,
akaifunga polepole, fundo juu ya fundo,
kama mtu anayemtoa mwenzake kwenda kwenye barafu.
"Shika ukuta," akasema. "Ngazi zina giza."

Hilo nalo halimo. Nimelitafuta nakala zote.

Walipiga makofi hadi viganja vikapata moto.
Safu ya tatu ikasema, anajua kuigiza, huyu!
Nami nikabaki na penseli juu ya pambizo,
sijui niandike nini.
Nimeajiriwa kuyarudisha maneno yanayopotea,
si haya yanayojileta yenyewe.

Nyuma ya pazia alimvua Badri viatu kwa mkono wake,
akavipangusa kwa upindo wa gauni la matanga,
akavirudisha rafuni.
"Jumamosi," akaniambia, bila kunitazama,
"nikinyamaza, nawe nyamaza."

Jumamosi,
alipobakiza maneno matatu kuufikia mstari ule,
niliupuliza mshumaa.